Mkalimani wa Mama

Mahakamani Ibra wanakupa namba kwanza,
kama benki, kama hospitali.
Sisi tulikuwa arobaini na moja.
Mama akaikunja karatasi ile mara nne,
akaitia pochini pamoja na tasbihi
na picha ya Humudi ya leseni ya udereva,
ile aliyokatazwa kucheka.

Kakangu aliuawa kwa spana.
Sababu: rimu nne za gari, za mtumba,
na riali sitini zilizosalia.
Yakdhani ana miaka ishirini.
Alikaa kimya, mikono juu ya magoti,
kama mtu anayengoja kunyolewa.

Kadhi akasema kwa Kiarabu, taratibu, kwa adabu.
Kiarabu cha mama ni cha sokoni na cha sala;
cha hukumu hana. Akanigeukia.
Nikatafsiri: Anauliza kama mnataka kisasi.

Akashtuka kama aliyemwagiwa maji.
"Kisasi? Mwambie mimi si mtu wa visasi.
Mimi nililelewa na watu, Wete."

Nikabaki na neno mdomoni.
Huku lilikozaliwa ni mizani: roho kwa roho, na ukomo,
uzi uliofungwa ili damu isivuke kijiji.
Likavuka bahari, likatufikia limekonda,
limebaki meno tu.
Na sheria je? Kwetu ni neno moja:
ya Mola ni sheria, ya trafiki ni sheria,
ile isemayo usiue
na ile ya risasi alfajiri kwa aliyeua.
Nilitafuta neno la kuzitenganisha, sikulipata.

Kadhi akangoja. Ana kikohozi.
Akaeleza: dola ina haki yake, nayo itamfunga;
lakini roho yake iko mikononi mwenu, warithi.
Mjane amekwisha sema. Asila anataka afe,
na simlaumu; mimi mwenyewe nalala na spana ile.
Bado Muhenna, mwana wa marehemu,
miaka sita. Atangojwa.
Akibaleghe ataletwa hapa, aulizwe.

"Aulizwe nini?"
Nikamwambia.
"Miaka yote hiyo? Anakula, anasoma, anaota ndevu,
na huku amefugiwa mtu
kama mbuzi wa Idi?"

Sijui Kitabu kinamwambia nini mama usiku.
Mimi nimekisoma kwa hasira, nikapata la hasira;
aya ya pili yake, ile ya kuachilia,
niliipita kama mtu apitaye nyumba ya anayemdai.
Yeye alisoma kwa sauti ndogo wiki tatu,
miwani imefungwa uzi,
na hakuniambia alichokiona.

"Mwambie kadhi namwacha.
Si kwa ajili ya huyu. Huyu simtazami hata.
Na fedha zao wasinipe,
nisije nikanunua kitu nazo
kikanipendeza."

Hilo la mwisho sikujua kulitafsiri.
Nikasema tu: hataki diya.

Akatia dole gumba. Mrithi mmoja akisamehe, basi,
risasi imekwisha kazi yake, inabaki jela.
Asila akatoka bila kuaga.
Mlango ule haubamiziki, una springi;
ulijifunga polepole nyuma yake,
sote tukiutazama.
Mamake Yakdhani akaja kumbusu mama kichwani.
Mama akarudi nyuma hatua moja.

Nyumbani wino ulikataa sabuni, ukakataa ndimu.
Alichambua mchele kwa kidole cha buluu.
Muhenna alikuwa sakafuni anaandika jina lake,
anaikandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka.
Nikamshika mkono: polepole, mwanangu.

Mimi sijamsamehe mtu.
Nilikuwa natafsiri tu.